Kibodi ya kompyuta ya mkononi: anza na karatasi

Ukitaka kupanga kibodi ya kompyuta ndogo ya mkononi, ile unayoiandikia kwa vidole gumba, usianzie kwenye skrini. Chapa mchoro wa vitufe kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, ubandike kwenye kipande cha ubao chenye upana wa kifaa, ukishike kwa mikono miwili kisha "andika" sentensi tatu nne. Utaona papo hapo vidole gumba vinafika wapi bila kujinyoosha: upinde kila upande. Katikati ni mbali, na pembe ya chini kabisa inakulazimu kukunja kidole hadi kinauma.

Herufi ziache kwenye QWERTY, mpangilio wa kawaida wa kibodi, vidole vimeshaizoea. Kazi hasa iko kwenye alama. Kitufe cha Fn, kinachovipa vitufe vingine kazi ya pili, kikiwa kushoto, weka mkwaju (/), kistari (-) na mabano upande wa kulia, maana gumba moja haliwezi kushikilia Fn na kubonyeza jirani yake. Afadhali zaidi, panga kwenye programu kitufe cha Fn kibonyezwe mara moja na kuachiwa, kisha kiathiri kitufe kinachofuata tu. Na tafadhali, kitufe cha kufuta kisipakane na Enter.