Gari "linalojiendesha" likigonga mtu Tanga kesi ni ya nani? Jipange hivi

Siku hizi Tanga zimejaa gari za Japani zenye kamera nyuma ya kioo cha mbele, zile zenye mifumo ya kumsaidia dereva kama EyeSight ya Subaru na Toyota Safety Sense, gari linashika breki lenyewe na linamfuata wa mbele, basi jamaa anatamba gari lake linajiendesha. Halijiendeshi bana. Kujiendesha kuna ngazi 0 mpaka 5 na hizo zinaishia ya 2, yaani dereva ni wewe, ukimgonga wa baiskeli pale Ngamiani trafiki haulizi kompyuta.

Kwa hiyo anza na kitabu cha gari, usimsikilize dalali, ujue mfumo unafanya nini na unaishia wapi.

Afu bima. Ndogo inamfidia uliyemuumiza, gari lako halimo, hilo unalijua. Ila waulize kwa maandishi kuhusu huo mfumo na jibu ulitunze. Uingereza wana sheria ya 2018 kwa magari yanayojiendesha kweli, bima inalipa kwanza ndo inamgeukia mtengenezaji, ila ukichezea programu au ukapuuza apdeti ya usalama wanaweza kukukatalia. Yetu ya Usalama Barabarani ni ya 1973, haya mambo nani aliyawaza?

Pa kuangalia sana ni kioo cha mbele, kwenye hiyo kamera. Kokoto la njia ya Pangani likikipasua, ukiweka kipya kamera inatakiwa ipimwe upya, na mafundi wengi wanabandika tu wanakwambia tayari bosi. Dai risiti inayosema kamera imepimwa au haijapimwa, maana bila karatasi ni ngumu kumbana fundi au muuzaji mahakamani, mzigo unaweza kubaki wako.

Ikitokea ajali, majeruhi kwanza na PF3 yake (fomu ya polisi ya kutibiwa), afu piga picha taa za dashibodi kabla hujazima gari. "Gari ndo limefanya" usitegemee ikuokoe. Mwaka 2018 kule Tempe, Arizona, gari la Uber la majaribio ya kujiendesha liliua mtu, kampuni haikushtakiwa jinai, aliyekaa kwenye usukani ndo alishtakiwa na 2023 akapewa miaka 3 ya uangalizi. Ila Miami 2025, kwenye kesi ya ajali, baraza la wazee wa mahakama liliibebesha kampuni ya magari ya Tesla 33% ya lawama, zilizobaki za dereva, kwa hiyo kugawana kunawezekana ukiwa na ushahidi. Kamera ya dashibodi kama unayo chomoa memori kadi hapohapo isije ikajirekodia juu, na fundi yeyote asichomeke mashine yake kufuta kumbukumbu za hitilafu za gari mpaka polisi na bima wamalize.