Kuuza nyumba Malindi ukiwa ng'ambo: soko likilala, nani atafungua mlango?

Nyumba ya Malindi iliyofungwa miezi mitatu ina harufu yake. Godoro limevuta unyevu, popo wameshazoea dari la makuti, na maji yanayokaa kwenye bakuli la choo na kwenye bomba lililopinda chini ya sinki yamekauka, kwa hiyo harufu ya shimo imepanda hadi sebuleni. Mnunuzi aliyetoka Nairobi kwa ndege ya asubuhi anafunguliwa mlango, anavuta pumzi moja, na kabla hajaona boriti wala ua wenye mwarobaini ameshapunguza bei kichwani. Wewe uko Leeds au Doha. Utakaloambiwa ni kwamba "ameipenda, atarudi". Hatarudi.

Soko likichangamka, mnunuzi huzifumbia macho kasoro kwa sababu anaogopa kupitwa. Likilala, ana nyumba nyingi za kuchagua, hana haraka, na kila anapoingia anatafuta sababu ya kukataa. Aliye mbali hawezi kulichangamsha soko. Anachoweza ni kumwondolea mnunuzi sababu hizo mapema, na nyingi zimejificha kwenye karatasi na kwenye ile saa moja ya kuangalia nyumba.

Karatasi kabla ya tangazo

Usitangaze nyumba kabla wakili wako hajafanya sachi, yaani upekuzi rasmi wa daftari la ardhi. Inaonyesha jina la mwenye ardhi, ukubwa wa kiwanja, na kama kuna rehani au zuio. Viwanja vingi vya zamani vya Malindi viliandikishwa chini ya sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyofutwa mwaka 2012, kwa hiyo muulize wakili kama namba ya kiwanja chako imeshahamishiwa daftari jipya. Hati halisi ikiwa imepotea, utapitia kiapo, ripoti ya polisi na tangazo kwenye Gazeti la Serikali, kisha siku 60 zipite ndipo itolewe nyingine. Mnunuzi wa soko lililolala hasubiri siku 60.

Kikwazo kikubwa zaidi ni nyumba ambayo bado iko kwa jina la baba au bibi aliyefariki. Hata ndugu wote wakikubaliana kwenye kundi la WhatsApp, hakuna anayeweza kuihamisha mpaka mirathi ipite mahakamani, iwe Mahakama ya Kadhi au ya kawaida. Kwa kawaida kibali cha usimamizi huthibitishwa baada ya miezi 6, na ndugu mmoja akipinga, hesabu hiyo hurefuka. Anza na mirathi, dalali atafuata. Uliza pia wazee wa ukoo kama nyumba ni wakfu. Mali ya wakfu haiuzwi, na hilo si jambo la kugundua baada ya kupokea amana.

Pwani tuna jambo ambalo mnunuzi wa bara huenda hajawahi kulisikia: nyumba bila ardhi. Kuta ni zako, kiwanja ni cha mtu mwingine unayemlipa kodi ya ardhi. Nyumba za namna hii huuzwa, lakini mwenye ardhi lazima akubali kumpokea mnunuzi mpya. Pata kibali chake kwa maandishi, pamoja na stakabadhi kwamba hudaiwi, na uliseme jambo hili tangu mstari wa kwanza wa tangazo. Mnunuzi akilijua baadaye atadhani ulitaka kumwibia.

Mengine ni mafupi. Kama umeoa au umeolewa na hiyo ni nyumba ya familia, mwenzako lazima atie sahihi ya kuridhia. Kama ni shamba nje ya mji, huenda ukahitaji kibali cha Bodi ya Kudhibiti Ardhi, na ombi lina muda wake wa miezi 6 tangu mkataba. Reti, yaani tozo za ardhi za Kaunti ya Kilifi, zilipwe mpaka upewe cheti cha kutodaiwa. Na kwa kuwa Malindi ina wanunuzi wengi wa Kiitaliano, kumbuka kifungu cha 65 cha Katiba ya 2010: asiye raia hamiliki ardhi ya Kenya kwa zaidi ya ukodishaji wa miaka 99. Kifungu hicho kinakugusa na wewe pia kama ulipoteza uraia wa Kenya kwa kuchukua wa nchi nyingine kabla ya Katiba hiyo na hujaurudisha.

Atakayetia sahihi kwa niaba yako anahitaji hati ya uwakilishi. Itie sahihi mbele ya mthibitishaji wa umma wa nchi uliko au kwenye ubalozi wa Kenya, kisha utume nakala halisi ili ilipiwe stempu na kusajiliwa. Isiwe hati ya kufanya lolote. Iandike namba ya kiwanja, bei ya chini kabisa inayoruhusiwa, akaunti ya wakili itakayopokea fedha, na tarehe ya kwisha kwake. Hata ukimpa kaka yako wa damu, weka mipaka hiyo. Inamlinda na yeye, maana hakuna atakayemtuhumu baadaye.

Bei

Bei ya tangazo la jirani si bei aliyouzia. Mlipe mthamini aliyesajiliwa, mwambie unataka thamani ya kuuza leo, na umwombe akuonyeshe mauzo yaliyokamilika mtaa huohuo. Casuarina na Muyeye si bei moja, na ndani ya Shela yenyewe, nyumba inayofikiwa na gari na ile ya kichochoroni ni bidhaa mbili tofauti.

Kisha piga hesabu ya kungoja. Tuseme mlinzi analipwa 18,000 kwa mwezi, maji na umeme 4,000, na matengenezo madogo na reti yakigawanywa kwa miezi yanafika 8,000. Hiyo ni 30,000 kila mwezi, 360,000 kwa mwaka. Anayekataa ofa iliyopungua 500,000 na kungoja mwaka mmoja na nusu amelipa 540,000 ili apate hiyo 500,000. Hapo makuti hayajahesabiwa, na yanazeeka bila kujali kama nyumba ina mtu.

Usipange bei kwa pauni au dola kisha ukaibadilisha kila wiki. Mwanzoni mwa 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Waliozifunga bei zao kwenye dola walionekana wamepunguza fedha walizotaka, na wanunuzi wa shilingi wakachanganyikiwa. Panga kwa shilingi.

Madalali: chagua mmoja aliyesajiliwa na bodi ya mawakala wa nyumba na mwenye cheti cha mwaka huu, mwandikiane mkataba wa miezi 3 hadi 6. Ukiwapa madalali sita, nyumba moja itatangazwa kwa bei sita, kila mmoja ameongeza chake juu, na mnunuzi akiona hivyo anajua mwenyewe hana msimamo. Sharti jingine liandikwe: dalali hatozi mtu yeyote ada ya kuja kuangalia.

Saa moja ya kuangalia nyumba

Hapa ndipo nyumba huuzika au kukosa mnunuzi. Mtu mmoja ashike funguo, na ajulikane ni nani. Mara nyingi si ndugu anayefaa zaidi, ila ni yule mwenye kushika saa, kuandika, na kutoona haya kusema "sijui, nitauliza". Mlipe kwa kila mgeni anayemwonyesha, hata asiponunua. Shangazi akiwa anaishi humo, mwombe kwa heshima na kwa simu, si kwa ujumbe, na umwambie siku na saa. Mgeni asije kumkuta na kanga ya ndani.

Siku moja kabla, saa 12 asubuhi, madirisha yote yafunguliwe. Bomba zote zikimbie mpaka maji ya rangi ya kutu yaishe. Nyumba iliyokaa hutoa maji mekundu dakika kadhaa, na mgeni atakayeyaona atafikiri ni kisima. Kila sinki limwagiwe maji jagi zima, kila choo kivutwe mara mbili, ili harufu izibwe. Bawaba na vitasa vitiwe mafuta, kwa sababu chumvi inavikaza na mlango unaolia humfanya mtu aanze kutafuta kasoro nyingine. Mashuka na mapazia yatolewe juani. Kinyesi cha popo kifagiwe asubuhi yenyewe, si jana yake.

Nunua tokeni za umeme mapema. Huwezi kuonyesha nyumba ambayo pampu haivuti maji na feni hazizunguki. Mgeni hatasema "tokeni zimekwisha", atasema "umeme una matatizo". Tanki lijazwe. Kama maji ya kisima yana chumvi, sema wazi ni ya kuogea na kufulia, na uonyeshe ya kunywa yanatoka wapi.

Makuti yaangaliwe kwa ndani mchana wa jua kali. Simama katikati ya chumba, tazama juu: kila nukta ya mwanga ni mahali masika yatakapopita. Nukta chache huzibwa kwa siku moja. Zikiwa zimetapakaa kama nyota, pata bei ya fundi kwa maandishi na umpe mnunuzi karatasi hiyo. Kasoro yenye bei hujadiliwa. Isiyo na bei hukuzwa. Fanya vivyo hivyo kwa nondo za madirisha zilizovimba kutu na kwa boriti zenye unga wa mchwa chini yake.

Panga saa 3 hadi saa 5 asubuhi, au saa 10 hadi 11 na nusu jioni. Ijumaa acha nafasi ya sala ya adhuhuri, na wakati wa Ramadhani weka asubuhi tu. Miezi ya kaskazi, hasa Desemba hadi Machi, ndiyo ya wageni. Aprili hadi Juni ni mvua, barabara za ndani zinajaa maji na fukwe zinapokea mwani mwingi. Usiondoe tangazo masika, ila zitumie wiki hizo kuziba paa na kufuatilia karatasi. Mnunuzi anayekuja masika huja kweli. Mwonyeshe bila kuficha maji yanakotuama.

Kila mgeni atume jina na nakala ya kitambulisho siku moja kabla. Daftari mlangoni: jina, simu, saa, dalali aliyemleta. Daftari hilo ndilo litakalokuokoa madalali wawili watakapogombania ada ya mteja mmoja. Vitu vidogo vya thamani vitolewe, funguo zisiachiwe mtu hata kwa "dakika tano nipime chumba", na hati halisi isikae ndani ya nyumba kamwe. Mgeni aonyeshwe nakala ya sachi. Nambari ya kitambulisho chako ifunikwe.

Usiwepo kwenye simu ya video muda wote. Mgeni akijua mwenye nyumba anamtazama, hatamwambia mwenzake kwamba jiko ni dogo, na hilo ndilo unalotaka kulijua. Mwonyeshaji awaache wazunguke peke yao uani dakika kumi, kisha aulize jambo moja: "Nini kitakuzuia kununua?" Jibu liandikwe kwa maneno yao. Wageni watano wakitaja barabara, hutaitengeneza. Bei itabidi iikubali. Wakitaja choo, una kazi ya fundi ya wiki moja.

Mgeni atakapouliza bei ya mwisho, na ataiuliza, mwonyeshaji asitaje namba yoyote. Jibu lake ni hili: "Bei ndiyo hiyo iliyoandikwa, ndugu yangu. Ukiwa na yako, iandike, nimpelekee mwenyewe leo." Asiye mnunuzi hataandika.

Kama kuna mpangaji, mpe taarifa ya angalau siku moja kwa kila ziara, zikusanye ziara siku mbili za wiki, na umpunguzie kodi kidogo kwa usumbufu. Mpangaji aliyekasirika atauza maneno mabaya kuliko dalali yeyote.

Mkishakubaliana

Mkataba wa ardhi Kenya lazima uwe wa maandishi, uliotiwa sahihi na kushuhudiwa. Desturi ni amana ya asilimia 10 na siku 90 za kumalizia. Amana iingie akaunti ya wateja ya wakili, si simu ya mjomba. Ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na 2 mashambani, ni wa mnunuzi.

Kodi ya faida ya mtaji ni yako: asilimia 15 tangu Januari 2023. Nyumba uliyoishi mwenyewe miaka 3 mfululizo kabla ya kuihamisha imesamehewa, lakini aliye ng'ambo mara nyingi hafikii sharti hilo. Ulinunua milioni 6, ukajenga kwa milioni 1.5, unauza milioni 12, gharama za wakili na dalali ni laki 5: faida ni milioni 4, kodi 600,000. Ukikosa risiti za ule ujenzi, faida inakuwa milioni 5.5 na kodi 825,000. Tafuta risiti za saruji na fundi sasa hivi, hata kwenye picha za simu ya zamani. Hakikisha PIN yako ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, bado inafanya kazi na unaweza kuingia iTax, mtandao wake wa kodi, maana nywila iliyosahaulika huchelewesha uhamisho. Mkazi wa Uingereza, na raia wa Marekani popote alipo, huenda ana wajibu pia wa kuyaripoti mauzo huko.

Siku ya makabidhiano, mwonyeshaji apige picha ya mita ya umeme na ya maji ikiwa na tarehe, amlipe mlinzi haki zake zote mbele ya shahidi na kupokea sahihi yake, kisha ahesabu funguo mbele ya mnunuzi, pamoja na ule wa tanki na wa geti la nyuma.