Kusafisha na Kupanga Maingizo ya Watumiaji katika Programu za Wavuti

Kila kinachotumwa kutoka kwenye kivinjari, liwe ni jina lililoandikwa katika fomu, chaguo la kwenye orodha au thamani iliyofichwa ndani ya ukurasa, kinaweza kubadilishwa na mtumaji kabla hakijafika kwenye seva. Ukaguzi unaofanywa kwa JavaScript, lugha inayoendeshwa ndani ya kivinjari, humsaidia mtumiaji kuona kosa lake mapema, lakini haulindi chochote. Unaolinda ni ule unaofanywa upya kwenye seva.

Anza kwa kusawazisha maandishi. Ondoa nafasi tupu zilizo mwanzoni na mwishoni, kisha uyageuze maandishi yawe katika umbo moja la Unicode (mfumo wa kimataifa wa kuzipa herufi misimbo), kwa kawaida NFC, linalounganisha herufi na alama yake, kwa sababu herufi kama é huweza kuandikwa kwa msimbo mmoja au miwili, na hifadhidata ikayahesabu majina yanayofanana machoni kuwa ya watu tofauti. Nenosiri lisipunguzwe nafasi, kwani huenda mwenyewe alizikusudia.

Usawazishaji utangulie ukaguzi. Ukikagua kwanza, alama pana ＜ (U+FF1C) itapita bila kushukiwa, kisha umbo la NFKC, linalogeuza pia herufi za maumbo maalumu kuwa za kawaida, litaigeuza kuwa < ya kawaida, alama inayofungua tagi za HTML (lugha ya kurasa za wavuti), wakati hakuna tena anayeitazama.

Katika ukaguzi wenyewe, eleza kinachoruhusiwa badala ya kuorodhesha kinachokatazwa. Tarehe ihifadhiwe kwa mpangilio wa 2024-04-03, kwa maana 03/04/2024 mmoja ataisoma Aprili na mwingine Machi. Namba ya simu ihifadhiwe kwa mtindo wa E.164, yaani alama ya kujumlisha, msimbo wa nchi na namba yenyewe, jumla ya tarakimu zisizozidi 15, hata kama mtumiaji ameiandika kwa mabano na vistari; kuitenga kwa nafasi ili isomeke vizuri ni kazi ya ukurasa unaoionyesha. Majina ya watu ndiyo yanayoonewa zaidi na wakaguzi wakali: yaruhusu yawe na ritifaa ('), kistari, nafasi na herufi zisizo za Kilatini, uweke tu kikomo cha urefu.

Ritifaa hiyohiyo inatufikisha kwenye jambo ambalo wengi hulikosea, nalo ni kudhani kwamba ingizo likisafishwa mara moja linapopokelewa litakuwa salama kila mahali. PHP, lugha ya kuandikia programu za seva, iliwahi kuwa na utaratibu ulioweka mkwaju wa nyuma mbele ya kila nukuu iliyoingia, hata neno ng'ambo likaweza kuhifadhiwa kama ng\'ambo. Utaratibu huo uliondolewa katika toleo la 5.4 mwaka 2012, na kwa maoni yangu ulichelewa kuondoka. Usalama hutegemea mahali maandishi yanapotumika. Yakienda kwenye hifadhidata, yapitishe kama vigezo vya amri ya SQL (lugha ya kuamuru hifadhidata), yaani thamani zinazotumwa kando na amri, usiyaunganishe na amri yenyewe. Yakienda kwenye HTML, < igeuzwe kuwa &lt;, & iwe &amp; na nukuu iwe &quot;. Ndani ya anwani ya wavuti au ndani ya JavaScript kanuni ni nyingine kabisa. Mifumo mingi ya violezo, inayotumika kutengeneza kurasa, hufanya ugeuzaji wa HTML yenyewe, kwa hiyo kagua hasa zile sehemu ambazo mtu ameuzima.

Ikiwa mtumiaji anaruhusiwa kuandika HTML, tumia maktaba inayoichambua na kubakiza tagi na sifa zilizoidhinishwa tu. Usijaribu kufuta neno <script>, tagi inayoendesha JavaScript, kwa kulitafuta, kwani <scr<script>ipt> ikifutwa mara moja huzaa <script> kamili. Na viungo vinavyoanza na javascript: havihitaji tagi hiyo hata kidogo.

Ingizo likikataliwa, mrudishie mtumiaji fomu ikiwa na yote aliyoyaandika isipokuwa nenosiri, pamoja na maelezo ya kosa kando ya sehemu husika. Maandishi hayo yanayorudishwa nayo yageuzwe kwa kanuni za HTML, kwa kuwa ingizo lililokataliwa likichapishwa upya kama lilivyo hutekelezwa kwenye kivinjari sawasawa na lililokubaliwa.