Kupima presha nyumbani: mzee, mjamzito, mtoto

Anza na mkanda wa mashine. Chukua futi ya fundi cherehani, upime unene wa mkono katikati ya bega na kiwiko. Mikanda mingi inayokuja na mashine ni ya mkono wa sentimita 22 hadi 32. Mkono wa 36 ukibanwa na mkanda huo, namba hupanda bure na mtu akaongezewa dawa. Omba mkanda mkubwa.

Usipime ukishuka tu kwenye boda. Nusu saa kabla, kahawa, chai na sigara zikae pembeni. Kojoa, kisha kaa dakika 5 kwenye kiti cha kuegemea, nyayo zote sakafuni, mkono mezani usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi tupu. Nyamaza. Hata kuitikia salamu kunapandisha namba, na salamu za huku hazina ufupi! Pima mara 2, ukipumzika dakika 1 katikati. Fanya hivyo asubuhi kabla ya dawa, na jioni, kwa siku 7. Acha namba za siku ya kwanza, tafuta wastani wa zilizobaki. Ukifika 135/85, peleka daftari kwa daktari. Ukipimwa kliniki, mpaka ni 140/90.

Mzee apimwe tena akiwa amesimama, dakika ya 1 na ya 3. Namba ya juu (ile ya kwanza kusomwa) ikishuka kwa 20 au zaidi, daktari ajue kabla ya kuongeza dozi, maana huyo ndiye anayeanguka usiku akienda chooni.

Mjamzito mwenye 140/90 aende kituo cha afya siku hiyo hiyo. 160/110 ni dharura. Dawa za presha za enalapril na losartan hazimfai.

Namba za mtoto husomwa kwa umri, jinsia na urefu, kwa hiyo mwachie mhudumu. Wewe angalia koo: maambukizi ya koo yasiyotibiwa huweza kumwachia kovu kwenye vali za moyo.

Amlodipine, nayo dawa ya presha, ikikuvimbisha miguu, au enalapril ikikuletea kikohozi kikavu, omba kubadilishiwa, usiache kimyakimya. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai. Magadi ya kuivishia maharage nayo yana sodiamu. Yaloweke maharage usiku kucha.

Ukiona 180/120, tulia dakika 5 urudie. Kukiwa na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, mdomo kupinda au upande mmoja kulegea, usirudie: nenda hospitali.