Namna ya Kuuchunguza na Kuutunza Mguu Uliovimba

Mtu anayesimama kutwa nzima juu ya sakafu ya saruji, akiuza dagaa pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, au akiparua sangara kiwandani, huzoea kuona viatu vikimbana ifikapo jioni, na kwa kuwa jirani yake naye yu hivyo hivyo, hulihesabu jambo hilo kuwa uchovu. Mara nyingi huwa ni uchovu kweli. Hata hivyo, chanzo cha uvimbe kinaweza kuwa kwenye vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, au kwenye mishipa ya limfu inayozoa majimaji yanayobaki ndani ya nyama za mwili, au kikawa mbali kabisa na mguu wenyewe. Na tiba inayomfaa mgonjwa mmoja huweza kumdhuru mwingine. Kwa hiyo uchunguzi utangulie dawa ya kuchua na vidonge vya kukojosha, ambavyo hununuliwa kwa wepesi mno katika maduka yetu ya dawa.

Jambo la kwanza la kutazama ni kama umevimba mguu mmoja au miwili. Miguu yote miwili ikivimba kwa kiasi kinacholingana, daktari huanza kwa kupima moyo, figo na ini, na mjamzito hupimwa shinikizo la damu na mkojo bila kucheleweshwa. Huku kwetu kando ya Ziwa Victoria kuna sababu nyingine isiyosahaulika: mayai ya kichocho cha tumbo hukwama katika matawi ya vena inayoingiza damu kwenye ini na kuyatia makovu, hata tumbo likajaa maji na mgonjwa akaweza kutapika damu. Mtu wa namna hiyo anahitaji hospitali, wala soksi za kubana hazimsaidii kitu.

Jambo la pili ni muda. Mguu mmoja uliovimba ndani ya saa au siku chache, ukawa na joto na maumivu kwenye shavu la mguu, uchukuliwe kuwa una damu iliyoganda katika vena za ndani mpaka vipimo vioneshe vingine. Chukua futi ya fundi cherehani, upime mzunguko wa kila mguu sentimita 10 chini ya kinundu cha mfupa kilicho mbele, chini kidogo ya goti. Tofauti ya sentimita 3 au zaidi huongeza shaka, ingawa tofauti ndogo haimwondolei mtu hatari. Shaka huwa kubwa zaidi kwa aliyefanyiwa upasuaji au kulazwa karibuni, mjamzito na aliyejifungua ndani ya wiki 6, mwenye saratani, na aliyetoka safari ndefu ya basi kama ile ya Dar es Salaam. Mguu huo usichuliwe kamwe. Mgonjwa akianza kuhema kwa shida, kuumwa kifua au kukohoa damu, huenda bonge limekwisha kufika mapafuni, na hiyo ni dharura ya saa ile ile.

Hospitalini, kipimo kinachotegemewa ni ultrasaundi ya mishipa, ambapo mpimaji huigandamiza vena kwa kifaa chake: isiyo na bonge hubonyea, yenye bonge hukataa. Tiba ni dawa za kuzuia damu kuganda, kwa kawaida kwa muda usiopungua miezi 3. Anayetumia warfarini, mojawapo ya dawa hizo, hupimwa damu mara kwa mara ili kiwango cha INR, yaani kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, kibaki kati ya 2 na 3 kwa wagonjwa walio wengi. Hahitaji kuacha mchicha wala kisamvu, ambavyo hupunguza nguvu ya dawa hiyo, bali ale kwa kiasi kisichobadilikabadilika, na asijinunulie dawa za maumivu kama diklofenaki wala aspirini. Mvuvi anayeishi Ukerewe au kisiwa cha mbali zaidi amweleze daktari mapema kwamba hataweza kuvuka kila mara kuja kupimwa, kwa sababu zipo dawa kama rivaroksabani zisizodai kipimo hicho. Mjamzito hutumia sindano za heparini, ambayo nayo huzuia damu kuganda.

Uvimbe wa miezi au miaka husomwa kwenye ngozi. Ugonjwa wa vena huonesha mishipa iliyojipinda, ngozi yenye weusi au hudhurungi juu ya kifundo upande wa ndani, na hatimaye kidonda mahali hapo hapo. Kidonda hicho hakiponi kwa kunyunyiziwa unga wa vidonge vya rangi mbili vya antibayotiki, bali kwa kuondoa shinikizo la damu iliyotuama: bandeji ya kubana inayofungwa kuanzia vidoleni hadi chini ya goti, miguu kuinuliwa juu ya usawa wa moyo wakati wa kupumzika, na pengine vena mbovu kuzibwa au kutolewa na daktari wa upasuaji. Kabla ya kufunga bandeji ni lazima mhudumu alinganishe shinikizo la damu la kifundoni na la mkononi. Uwiano ukishuka chini ya 0.8, mshipa unaoleta damu nao una kasoro, na kubana kwa nguvu kunaweza kuua nyama ya mguu.

Kwa upande wa limfu, jaribu kuifinya na kuinyanyua ngozi iliyo juu ya shina la kidole cha pili cha mguu. Ikishindikana kunyanyuka, huenda ni matende. Matende yanayoletwa na minyoo inayoenezwa na mbu yamezoeleka zaidi mwambao wa Bahari ya Hindi, hivyo aliyekulia Tanga au Lindi kabla ya kuhamia Mwanza alitaje hilo; damu ya kutafuta vijidudu kwa darubini huchukuliwa usiku, na majibu yanaweza kuwa safi hata mguu ukiwa umeharibika zamani. Madoa ya zambarau au vinundu vyeusi juu ya mguu uliovimba huelekeza kwenye saratani ya Kaposi, ambayo huwapata zaidi wenye VVU, hivyo mgonjwa apimwe pia VVU.

Tiba ya kila siku ya matende ni sabuni na maji, na nadhani urahisi wake ndio unaofanya watu waidharau. Mguu uoshwe kuanzia juu kushuka hadi katikati ya vidole, kwa maji yasiyo moto. Yaliyochotwa ziwani yachemshwe kwanza na kupozwa. Ukaushwe taratibu kwa kitambaa safi, na mipasuko au fangasi kati ya vidole itibiwe, kwani hapo ndipo bakteria hupenyea. Vidonge vya kukojosha havisaidii, na chale huongeza milango ya maambukizi. Homa ikija pamoja na mguu mwekundu wenye maumivu na mitoki kinenani, mgonjwa apumzike, aweke kitambaa cha maji baridi, anywe parasetamoli, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kuandikiwa antibayotiki. Bandeji na mazoezi visubiri mpaka maumivu yatulie.

Mshipa uliojipinda ukipasuka na kuvuja damu, mgonjwa alale chini papo hapo, mguu uinuliwe, na mtu akandamize kwa kitambaa safi dakika 10 bila kuchungulia. Kamba isifungwe juu ya jeraha. Damu ikikatika, kitambaa kifungwe palepale na apelekwe hospitali akiwa amelala.