Jinsi ya kutumia "slouch" bila kumkosea mtu heshima

Tuanze na matamshi ya hili neno la Kiingereza, inasomwa "slauch", silabi moja tu, usiiongezee "i" mbele wala nyuma. Maana yake ni kukaa, kusimama au kutembea kilegevu, mgongo umepinda na mabega yameshuka, kama dogo wa form two saa nane mchana amejimwaga kwenye dawati anasubiria kengele. Mama wa Kiingereza akifoka "Don't slouch!" anataka mtoto akae wima, basi. Usiichanganye na kukaa kihasara, hiyo ni kesi nyingine kabisa, slouch haina habari na nguo wala miguu.

Kwenye sentensi haihitaji yambwa, yaani kitu kinachotendwa, ile "He slouched the chair" wanayoandika watu haipo. Unaweka kihusishi: "slouched in his chair" kwa aliyezama kwenye kiti, "over the laptop" kwa aliyeiinamia laptop, "against the wall" kwa aliyeegemea ukuta. Na "he slouched off" ni aliondoka zake anajikokota, mara nyingi kanuna.

Sasa hapa ndo panapoharibika sana: slouch ina lawama ndani yake, yaani unamsema mtu kwamba angeweza kunyooka ila kajiachia tu. So babu mwenye kibyongo hata siku moja usiseme "he is slouching", sema "he is stooped", maana mgongo wake ndo ulivyo na sio uvivu. Aliyejikunyata kwa baridi pale stendi ya Makambako alfajiri, mabega yamepanda mpaka masikioni, huyo ni "hunched". Aliyetoka shifti ya usiku akajibwaga kwenye kochi ni "slumped", pia mtu akipoteza fahamu akadondokea usukani ni hiyohiyo slump, kwa sababu inabeba ule mwanguko wa ghafla, wakati slouch ni mkao tu.

Halafu kuna "no slouch", hii ni sifa bana. Bosi akiandika "She's no slouch at maths" usinune, anasema dada ni moto kwenye hesabu. Hapo imegeuka nomino, na baada yake unaweka "at" au "when it comes to". Ile ya kumwita mtu "a slouch" bila hiyo "no" ipo ila huisikii sana, usihangaike nayo.