Somo: kurithisha safuwima kwa klasi dhahania (isiyo na jedwali lake) katika Django, mfumo wa Python wa kutengeneza tovuti

Modeli zako zote (klasi zinazoelezea majedwali ya hifadhidata) zikihitaji tarehe ya kuundwa na ya kubadilishwa, ziandike mara moja kwenye klasi mama, watoto warithi.

Hatua ya 1. Katika models.py:

class Rekodi(models.Model):
    imeundwa = models.DateTimeField(auto_now_add=True)
    imebadilishwa = models.DateTimeField(auto_now=True)

    class Meta:
        abstract = True
        ordering = ["-imeundwa"]

Mstari wa abstract ndio unaobeba somo zima. Ukiusahau, Rekodi itapata jedwali lake, na kila mtoto atawekewa safuwima ya rekodi_ptr_id ya kumfunga kwa mama. Hutaona kosa lolote, ila kila ukisoma ankara hifadhidata inafanya JOIN (inaunganisha majedwali mawili), na data ikijaa utaanza kutafuta mchawi kusiko.

Hatua ya 2. Mtoto:

class Ankara(Rekodi):
    namba = models.CharField(max_length=20, unique=True)

Hatua ya 3. Endesha makemigrations (huandika faili la mabadiliko ya majedwali), kisha usikimbilie migrate (huyapeleka kwenye hifadhidata). Kwanza soma SQL yenyewe (mauzo ni jina la app yako, 0001 ni namba ya faili hilo):

python manage.py sqlmigrate mauzo 0001

Lazima uone mauzo_ankara peke yake, ikiwa na id, imeundwa, imebadilishwa na namba. Ukikuta mauzo_rekodi, rudi hatua ya 1.

Kama jedwali lilikuwa na data tayari, utaulizwa thamani ya imeundwa. Ukikubali timezone.now, rekodi zote za zamani zitaonekana zimezaliwa leo. Kwa hesabu za fedha huo ni uongo.

MASWALI

Nimeweka Meta kwenye Ankara, mpangilio wa tarehe umepotea. Kwa nini?
Meta ya mtoto imefunika ya mama. Andika class Meta(Rekodi.Meta). Usihofu abstract kurithiwa, Django huirudisha kuwa False.

Nimeongeza ForeignKey ya mtumiaji yenye related_name kwa mama, napata kosa la fields.E304.
Ankara na Risiti (mtoto mwingine wa Rekodi) zinagombea related_name moja, yaani jina la kuzifikia kutoka kwa mtumiaji. Tumia "%(app_label)s_%(class)s", kila mtoto apate jina lake: mauzo_ankara, mauzo_risiti.

Modeli moja haihitaji imebadilishwa.
Ndani yake andika imebadilishwa = None. Inakubalika tangu Django 1.10.

Nabadilisha ankara nyingi kwa update(), lakini imebadilishwa haisogei.
auto_now hufanya kazi kwenye save() tu. Update() inakwenda moja kwa moja kwenye SQL. Iweke mwenyewe: update(imelipwa=True, imebadilishwa=timezone.now()).